Mshale Kwenye Mstari wa Namba: Gemu za Hesabu Kutoka Illinois Hadi Tanga

Katikati ya miaka ya 1970, katika baadhi ya shule za msingi za Urbana, jimbo la Illinois, Marekani, watoto walikuwa wakikaa mbele ya kioo chenye mwanga wa rangi ya chungwa na kupasua maputo. Maputo yamepachikwa kwenye mstari wa namba wenye alama chache tu. Mtoto anakadiria puto liko wapi, anaandika, tuseme, 2/3, na mshale unaruka mpaka pale alipotaja. Akipatia, puto linapasuka. Akikosea, mshale unabaki umechoma palepale kwenye namba yake, naye anajionea mwenyewe kwamba amezidisha kidogo au amepunguza.

Gemu hiyo iliitwa Darts, kazi ya Sharon Dugdale na wenzake, na ilichezwa kwenye PLATO, mtambo wa kompyuta za kufundishia ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960 chini ya Donald Bitzer. Nimeanza nayo kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho wengi waliokuja baadaye walikipoteza njiani: kosa lina maana. Kwenye daftari, jibu lisilo sahihi linapata wino mwekundu, basi, habari imeisha. Kwenye Darts kosa lina mahali pake. Unaliona limesimama, unajua liko umbali gani na puto, unarekebisha.

Mwenzake alikuwa mchezo wa Bonnie Anderson Seiler, mbio za magharibi ya kale ya Marekani kwenye njia ya hatua 70. Kompyuta inakupa namba tatu, mfano 2, 3 na 7, uziunganishe kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya unavyotaka wewe. Ukiwa mwanzo wa njia, 7 × (2 + 3) inakupeleka 35. Inavutia. Lakini kama mpinzani wako amesimama 23, basi 2 + (3 × 7) inakutua juu yake na kumrudisha nyuma. Namba kubwa si lazima iwe namba bora. Mtoto anajaribu hesabu nne au tano kichwani kabla ya kucheza moja, na hakuna aliyemlazimisha.

Aliyekulia karibu na bao ataelewa haraka. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji anayetazama shimo anajua tayari kete zitaishia wapi kabla hajazigusa. Hakuna anayempa pipi kwa kuhesabu sawasawa. Kuhesabu ndiko kucheza kwenyewe.

Mwaka 1980 Thomas Malone, aliyekuwa akiandika tasnifu yake Chuo Kikuu cha Stanford, aliichukua Darts akaivunjavunja. Alitengeneza matoleo kadhaa, lipi lina maputo, lipi lina muziki, lipi halina, akawapa wanafunzi wa darasa la tano wacheze. Wavulana walipenda mshale upasue puto; wasichana, kwa ujumla, hawakuvutiwa nao. Yaani pambo linalomvuta mtoto mmoja humfukuza mwingine. Kwangu mimi hilo ndilo swali kubwa la historia hii yote: hesabu imo ndani ya mchezo, au mchezo ni sukari iliyopakwa juu ya hesabu?

Soko lilichagua sukari. Kompyuta za nyumbani zilipoenea, Jan Davidson, mwalimu wa California, alitoa Math Blaster mwaka 1983, ikauzwa kwelikweli. Mwaka 1986 likaja Number Munchers la MECC, taasisi ya jimbo la Minnesota: dudu la kijani linakula namba, mfano zile zinazogawanyika kwa 5, huku likikimbia maadui. Sizidharau. Ila ukiangalia vizuri, toa hesabu uweke tahajia na gemu inaendelea vilevile. (MECC wenyewe walitoa Word Munchers, dudu lilelile likila maneno.) Ukitoa hesabu kwenye Darts hakuna kinachobaki.

Mwaka 1996 kampuni ya Davidson ilinunuliwa na CUC International. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba CUC walikuwa wamepika hesabu zao za mapato kwa miaka. Wenye gemu ya kujumlisha! Sijui nicheke au nifanyeje.

Sura inayotuhusu moja kwa moja ilianza mwaka 2014, ilipotangazwa Global Learning XPRIZE, zawadi ya dola milioni 15 zilizotolewa na Elon Musk. Sharti lilikuwa zito: tengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Washindani watano wa mwisho walipelekwa mkoani Tanga, karibu vijiji 170, vishikwambi mkononi, umeme wa jua wa kuvichaji. Watoto waliojaribiwa, karibu robo tatu yao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Hapo sukari peke yake isingetosha. Kwanza gemu zenyewe zilipaswa kusema Kiswahili, na Kiswahili hakikubali kubandikwa namba ovyo. Kwa Kiingereza unarekodi neno la mbili mara moja, unalitumia kwa mbuzi, vikombe na maembe. Kwetu ni mbuzi wawili, vikombe viwili, maembe mawili. Kisha unafika sita na saba, na ghafla namba hazibadiliki tena, halafu nane inaanza upya: wanane, vinane, manane. Mtunzi wa programu asiyelijua hilo atamfundisha mtoto hesabu sahihi kwa lugha ambayo mama yake hajawahi kuisema. Upande mwingine lugha inamsaidia: kumi na moja, kumi na mbili, makumi na mamoja yametajwa waziwazi mdomoni. Inapofika ishirini na thelathini, tulizozipata kwa Waarabu, msaada unapungua; neno thelathini halikuonyeshi tatu wala kumi.

Baada ya miezi 15, matokeo yalitangazwa Mei 2019, na zawadi kuu ya dola milioni 10 ikagawanywa katikati. Nusu ilikwenda kwa Kitkit School, ya Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee, watu waliotoka kwenye kiwanda cha gemu cha Korea Kusini. Walianza kutengeneza programu za kujifunzia kwa ajili ya mtoto wao mwenye mahitaji maalumu. Kazi yao ina rangi, ina mbwembwe. Nusu nyingine ilikwenda kwa onebillion ya Uingereza, ambao walikuwa wameshajaribu programu zao za hesabu Malawi kwa Kichewa. Ya kwao ni kavu zaidi: sauti inayoelekeza kwa upole, picha, zoezi, zoezi jingine. Wote wawili waliinua watoto, katika kusoma na katika hesabu, na majaji hawakuweza kuwatenganisha.