Salfa Iliyookoa Mikorosho ya Umakonde, na Udongo Unaoidai

Kuanzia Juni, jua likiwa bado halijachomoza, mashine za kupulizia salfa huanza kunguruma mashambani, toka Chidya na Chiwata upande wa Masasi hadi Newala na Tandahimba. Kijana hubeba mashine mgongoni, huelekeza bomba juu, na wingu la njano huingia katikati ya matawi ya mkorosho. Kazi hii hufanywa alfajiri kwa sababu upepo umetulia na umande uliolala kwenye maua hushika unga usipeperuke. Jua likishapanda, salfa inayopulizwa ni fedha inayotupwa. Mwenye barakoa huivaa, asiye nayo hujifunga kitambaa puani, na wote hurudi nyumbani macho yakiwasha.

Kwa aliyezaliwa huku baada ya mwaka 1990, msimu wa korosho bila unga huo haujapata kuwapo. Wazee wanaukumbuka. Kati ya kumbukumbu yao na mngurumo wa leo kuna historia ambamo serikali, wanasayansi na wafanyabiashara wamekaa meza moja zaidi ya mara moja, wakaahidi kilimo kitakachodumu, wakaanguka vibaya safari ya kwanza na kufaulu baadaye. Tofauti ya safari hizo inafaa kuangaliwa kwa makini, maana meza hiyo sasa inaandaliwa tena.

Mkorosho ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Wareno waliutoa Brazili wakauleta pwani ya Afrika Mashariki karne ya 16, nao ukasambaa taratibu kutoka Msumbiji na pwani kuingia bara. Kwenye uwanda wa Makonde ulikuta mahali panapoufaa. Juu ya uwanda hakuna mto. Mvua ikinyesha, mchanga huimeza yote, maji yakatokea chini kabisa, kwenye miteremko na mabonde. Mtafiti Mjerumani Karl Weule aliyefika Newala mwaka 1906 aliandika kuhusu shida hiyo, na safari ya akina mama kuteremka bondeni kuchota maji na kupanda nayo tena imeendelea kwa vizazi baada yake. Mti wenye mzizi mrefu, usiohitaji kumwagiliwa, unaozaa kwenye mchanga uliochoka, ulikuwa jibu ambalo hakuna mtaalamu aliyelileta. Wakulima walipanda mbegu katikati ya mihogo na mtama, wakalima chakula miaka ya mwanzo, kisha wakaliacha shamba liwe mikorosho.

Wakati huohuo macho ya wakubwa yalikuwa kwenye karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa matrekta katika Tanganyika, ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Serikali ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na meneja wa mashamba na mtaalamu wa fedha. Wakazunguka kwa wiki 9. Ripoti yao ikapendekeza zaidi ya ekari milioni 3.2, sehemu kubwa kabisa ikiwa Jimbo la Kusini, na makao yake Nachingwea, jirani tu na Masasi. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara, na reli ikalazwa kwenda bara.

Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa, baada ya kula takriban pauni milioni 36. Waziri alikuwapo, mwanasayansi alikuwapo, mfanyabiashara alikuwapo. Mkulima wa Masasi hakuulizwa mvua hunyesha lini wala udongo hukakamaa vipi ukikauka. Reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki, na kilichoipa kazi kwa miongo iliyofuata ni zao lile lisilokuwamo kwenye ripoti.

Mwaka 1945 Tanganyika ilivuna tani zipatazo 7,000 za korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000, nyingi zikitoka kusini, na kuwa miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Mapaa ya bati yaliyochukua nafasi ya nyasi Newala, baiskeli, ada za watoto shuleni, vyote vilitoka kwenye korosho zilizookotwa moja moja chini ya mti.

Kisha zao likaporomoka. Wanahistoria wanabishana juu ya uzito wa kila sababu, lakini sababu zenyewe zinajulikana. Operesheni Vijiji, mpango wa serikali wa kuwakusanya watu katika vijiji, iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao; shamba lililo mbali halipaliliwi, na moto wa kichaka hulimaliza. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kumshawishi atembee huko kwenda kuokota. Juu ya hayo ukaja ubwiriunga.

Ugonjwa huu unaletwa na kuvu aitwaye Oidium anacardii, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza Brazili mwaka 1898, nyumbani kwa mkorosho wenyewe. Huko hakuwa tishio kubwa. Mtwara, ambako mtaalamu Mwitaliano Casulli alimwandika mwaka 1979, kuvu huyo alikuta miti imesongamana, haijapogolewa, matawi yamefumana na kivuli kimetanda. Hayo ndiyo makazi anayoyapenda. Huanza kwenye majani machanga, akahamia kwenye maua: unga mweupe kama majivu, kisha rangi ya kahawia, kisha ua linakauka kabla halijafunga korosho. Shamba zima laweza kuchanua vizuri mwezi wa saba na kufika mwezi wa kumi bila cha kuokota.

Cha kusikitisha, miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikikamilisha viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na mitambo ya Kiitaliano na Kijapani. Masasi ilipata chake, Newala pia. Kwa pamoja viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, katika nchi isiyokuwa tena na korosho za kuvilisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno ya taifa yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Viwanda vikafungwa, baadhi vikageuzwa maghala, na deni likabaki kwa Watanzania. Ukubwa wa mitambo ulipangwa kwa hesabu za mavuno ya jana, bila mtu kuinua macho kutazama maua mtini.

Kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho kilichoinua macho. Watafiti wake, miongoni mwao Manford Sijaona, Shamte Shomari na mtaalamu wa mbegu Peter Masawe, walifanya kazi na wenzao kutoka Uingereza kwa fedha za nchi hiyo na Benki ya Dunia. Dawa waliyoishika haikuwa mpya. Mwaka 1845 mtunza bustani Edward Tucker wa Margate, Uingereza, aliona unga mweupe kwenye mizabibu yake akajaribu salfa na chokaa. Miaka kumi hivi baadaye wakulima wa Ufaransa walikuwa wakipulizia salfa mizabibu yao kwa wingi. Kuvu wa mizabibu na wa mikorosho ni wa jamii moja. Kazi ya Naliendele ilikuwa kujua ni kiasi gani, lini, na kwa mti mkubwa kiasi gani.

Ushauri wa kwanza ulikuwa gramu 250 kwa mti, mara 5, kila baada ya siku 14, kuanzia vishada vya maua vinapochomoza. Piga hesabu kwa mwenye miti 100: kilo 125, yaani mifuko 5 ya kilo 25, pamoja na petroli na mashine ya kukodi. Familia nyingi za Newala na Masasi hazikuwa na fedha hizo mwezi wa sita, akiba ya msimu uliopita ikiwa imeshakwisha. Wakulima wakapunguza kipimo, wakaruka miti isiyougua, wakasubiri dalili kwanza. Watafiti wangeweza kuwaita wakaidi. Badala yake, miaka ya 1990 walianza kufanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, wakaona kwamba mara nyingi kupunguza kule kulikuwa na maana. Kwangu mimi hapa ndipo historia yote inapogeukia. Ushauri ukapanuka: pogoa, punguza miti iliyosongamana, ondoa maotea yanayomhifadhi kuvu msimu usio wa maua, ndipo upulize. Mikorosho iliyostahimili ugonjwa ikachaguliwa, vikonyo vyake vikabebeshwa kwenye miche, na hata miti mizee ikakatwa ili machipukizi yake yabebeshwe. Mwaka 2006 aina 16 bora ziliidhinishwa rasmi, na nyingine zikafuata.

Wafanyabiashara nao walikuwa na zamu yao. Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi walifika vijijini na fedha taslimu, na wengine na salfa. Bei ikapanda, watu wakarudi kwenye mashamba yaliyokuwa vichaka. Msimu wa 1999/2000 mavuno yakafika tani 121,000. Lakini soko huria lilikuja na kangomba: mnunuzi anamwendea mkulima mwenye njaa kabla ya mavuno, anampa fedha kidogo, anachukua korosho kwa kipimo chake mwenyewe. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho Mtwara msimu wa 2007/08, ulikusudiwa kuvunja unyonyaji huo kwa kupitisha mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika na mnada. Msimu wa 2017/18 zilivunwa tani zaidi ya 313,000.

Mwaka 2018 Bunge lilibadili sheria, na ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa ikirudi kuendeleza zao, ukaelekezwa mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu. Baadaye mwaka huohuo wakulima waligomea bei za mnada, na Novemba Rais John Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisomba mzigo. Mavuno yakashuka kwa misimu kadhaa. Baadaye ruzuku ya viuatilifu ikarudishwa, na msimu wa 2024/25 taifa lilivuka tani 500,000.

Ni mafanikio makubwa, nami nayafurahia kwa moyo wote. Ndiyo sababu suala la udongo halipaswi kusubiri. Salfa inayodondoka chini hailali tu. Vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa asidi. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuimeza asidi hiyo kwa muda mrefu. Mchanga wa uwanda wa Makonde hauna kinga hiyo. Mwaka 2003 Ngatunga wa Naliendele na wenzake kutoka Ubelgiji walichapisha utafiti uliouliza waziwazi kama salfa inauchachusha udongo wa mikorosho kusini mashariki mwa Tanzania. Mkorosho wenyewe huvumilia uchachu. Kinachoumia kwanza ni mazao mengine yanayolimwa katikati ya miti, yaani chakula cha nyumbani.

Njia za kupunguza mzigo wa viuatilifu zipo, na nyingine ni za humuhumu kwetu. Miaka ya 1950 mtafiti Michael Way aliwachunguza Zanzibar sisimizi wa mitini tunaowaita maji moto, wale wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu yao, akaona wanavyolinda minazi dhidi ya wadudu wafyonzaji. Miaka ya karibuni watafiti wa Tanzania wamewarudia maji moto haohao kwenye mikorosho, kupambana na mdudu mfyonzaji aitwaye mbu wa mikorosho. Unaweza kufunga kamba kutoka mti hadi mti, nao wakavuka bila kugusa ardhi ambako sisimizi wengine huwashambulia. Hawaponyi ubwiriunga, na wanamuuma anayeokota. Lakini kila dawa ya wadudu isiyonunuliwa ni fedha inayobaki ndani ya nyumba.

Maji moto, hata hivyo, huuawa na dawa ya wadudu ileile inayogawiwa kwa ruzuku. Ruzuku inayohesabu mifuko na chupa peke yake inamsukuma mkulima apulize zaidi, hata pale mti usipohitaji. Bodi ya Korosho, Naliendele na vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU wana uwezo wa kuweka hesabu nyingine pamoja na hiyo: uchachu wa udongo, shamba kwa shamba kwa sampuli, na chokaa pale inapohitajika. Siku hizi bei ya mnada humfikia mwanachama wa chama cha msingi siku hiyohiyo. Majibu ya vipimo vya udongo wa Chidya nayo yangeweza kubandikwa kwenye mlango wa ghala la chama hichohicho, kabla mgao wa salfa wa Mei haujapakiwa kwenye lori.