Kabla ya kuuliza "kocha nani?": yaliyowapata Intamba mu Rugamba na yanayotuhusu sisi wa Kabezi

 

Wiki hii tulipanga kuandika habari nyingine, ila imebidi tuiweke pembeni. Timu yetu hapa Kabezi imefungwa mechi nne mfululizo na kocha amebwaga manyanga. Jumapili tulikaa kikao chini ya mwembe zaidi ya saa mbili, hatukuelewana. Upande mmoja unataka kocha wa kutoka Bujumbura, mtu mwenye cheti na jina. Upande mwingine unasema apewe kaka yetu aliyekuwa anafundisha watoto kule Nduta kabla hatujarudi.

Tuseme ukweli: ugomvi haukuwa wa mpira peke yake. Kaka yule ni wa waliorudi. Waliobaki hapa miaka yote wanaona waliorudi wanataka kushika kila kitu. Waliorudi wanaona hawaaminiwi hata kwenye mpira. Na timu hii ndiyo sehemu pekee ambapo jioni tunavaa jezi moja bila kuulizana nani alikimbia na nani alibaki. Ikivunjika, tunarudi kwenye habari za mashamba na mipaka, na huko hakuna anayecheka.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa anasubiri vijana wa kumsaidia kuvuta mtumbwi, alitusikiliza weee, mwishowe akauliza: "Huyo kocha wenu akija, mtampa nini?" Tulicheka, tukadhani anasema mshahara. Baadaye tumekaa tukatafakari, tukaona bora tuangalie timu yetu ya taifa, Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu walioko vitani. Nayo imehangaika na swali hili miaka mingi.

Tulikotoka

Burundi iliingia FIFA mwaka 1972. Mwaka huo ukiutaja huku kando ya ziwa, hakuna anayefikiria mpira. Mwezi wa Aprili uasi ulianza huku kusini, Rumonge ikiwemo, halafu serikali ikalipiza kwa kuua watu wengi mno nchi nzima. Babu na bibi zetu wengi wakavuka, na ndio waliojaza Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Kwa hiyo mpira wetu na ukimbizi wetu ni kama watoto waliozaliwa mwaka mmoja.

Hata hivyo vipaji havikukosekana. Mwaka 1992 Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikafungwa na Africa Sports ya Ivory Coast. Mwaka 1993 timu ya taifa ilibaki hatua moja tu kwenda Kombe la Afrika, ikatolewa na Guinea kwa mikwaju ya penalti. Oktoba ya mwaka huohuo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, vita ikaanza. Na bado, mwaka 1995, vita ikiwa imepamba moto, vijana wetu wa chini ya miaka 20 walicheza Kombe la Dunia la vijana huko Qatar. Wachezaji walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwashika pamoja, na utulivu wa kumwacha afanye kazi.

Makocha wa kutoka nje

Mwaka 2007 alichukuliwa Adel Amrouche, mzaliwa wa Algeria aliyeishi Ubelgiji. Alikaa mpaka 2012. Miaka mitano kwa timu ya taifa ya kwetu ni mingi sana. Hakutupeleka Kombe la Afrika, lakini timu ilianza kuwa na sura, ikawa haifungwi hovyo. Alipoondoka alienda Kenya, na Desemba 2013 Harambee Stars wakachukua Kombe la CECAFA naye akiwa benchi. Kwa hiyo msimwite kocha mbovu. Alikuwa mzuri.

Baada yake walipita Lotfy Naseem wa Misri, Rainer Willfeld wa Ujerumani, na Ahcène Aït Abdelmalek wa Algeria. Watatu ndani ya takriban miaka minne. Naseem alipata bahati ya kwenda CHAN ya 2014 Afrika Kusini, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Lakini ukibadilisha mtu kila baada ya muda mfupi, kila mmoja anaanza upya: anajifunza majina, anatafuta mfumo wake, anataka wachezaji wake. Akianza kuzoea, anaondoka. Mchezaji naye anazoea kutomzoea yeyote.

Mtoto wa nyumbani

Mwaka 2016 shirikisho likamgeukia Mrundi, Olivier Niyungeko. Kumbukeni mwaka wenyewe. Machafuko yalianza Aprili 2015, watu wa ufukwe huu walivuka ziwa, maelfu wakakwama Kagunga, ile meli kongwe ya Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Niyungeko anaanza kazi, wengi wetu tuko Nyarugusu na Nduta tunapanga foleni ya maharage.

Kundi lake la kufuzu lilikuwa na Mali, Gabon na Sudan Kusini. Hakuna aliyetupa nafasi. Gabon walikuwa na Pierre-Emerick Aubameyang. Ila timu haikupoteza hata mechi moja: ilishinda mbili, ikatoka droo nne, pointi 10. Fiston Abdul Razak alifunga mabao sita. Tarehe 23 Machi 2019 ilikuwa mechi ya mwisho, Bujumbura, dhidi ya Gabon. Droo ilitutosha. Cédric Amissi akafunga, Gabon wakasawazisha, 1-1, mpira ukaisha. Burundi ikaenda Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Tuliokuwa kambini tulisikiliza kwenye redio na simu. Usiku ule watu waliokuwa hawasalimiani walikumbatiana. Wengi wetu tulilia, na hatuoni aibu kusema.

Sasa angalieni alivyoijenga ile timu. Hakuchagua kati ya waliobaki na waliokimbia. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura, akapoteza baba yake vitani, akafika Uingereza akiwa na miaka 10. Alichezea timu za vijana za Uingereza, halafu mwaka 2018 akavaa jezi yetu, na mechi yake ya kwanza, ugenini kwa Gabon, akafunga. Gaël Bigirimana aliondoka mdogo, akapitia Uganda, akakulia Coventry. Hawa walikaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na vijana ambao hawakuwahi kuondoka nchini. Kocha aliyeweza kusema na wote alikuwa mtu anayejua nyumba yenyewe, anayejua kwamba Warundi wametawanyika na kwamba mtu hapotezi kwao kwa sababu alikimbia.

Nafasi hiyo inaweza kupotea. Nestory Irankunda alizaliwa mwaka 2006 kambini mkoani Kigoma, wazazi wake ni Warundi. Leo anachezea Australia. Hatumlaumu hata kidogo. Nchi iliyompokea ndiyo iliyomlea. Tunasema tu kwamba mtoto hukumbuka nani alimwita mapema.

Tusijidanganye lakini

Wenzetu wanaomtaka kaka wa Nduta watafurahi wakisoma mpaka hapa. Wangojee kidogo. Kombe la 2019 lilikuwa la kwanza kuwa na timu 24 badala ya 16, kwa hiyo mlango ulikuwa mpana kuliko zamani. Pia Niyungeko alikuta msingi ambao makocha wa kigeni waliutia, hasa Amrouche. Na kule Misri mambo yalikuwa magumu: tulifungwa 1-0 na Nigeria, 1-0 na Madagascar, 2-0 na Guinea. Tukarudi bila bao hata moja. Mwaka huohuo Niyungeko akawa si kocha tena. Mtu aliyefanya ambalo halikuwahi kufanyika!

Halafu sikilizeni kioja hiki. Tanzania nayo ilifungwa mechi zake zote tatu kwenye Kombe hilohilo, ikamfukuza Emmanuel Amunike wa Nigeria. Ikamweka nani? Etienne Ndayiragije, Mrundi, aliyeifikisha Mbao ya Mwanza, timu ndogo kabisa, fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2017. Septemba 2019 Taifa Stars ikakutana na Burundi kufuzu Kombe la Dunia. Bujumbura 1-1. Dar es Salaam 1-1. Penalti: Tanzania 3, Burundi 0. Mrundi mwenzetu ametutoa akiwa benchi la jirani! Mwaka 2021 Tanzania nayo ikaachana naye, na mwaka 2022 Burundi ikamwita nyumbani. Hapo "kocha wa nje" ni nani na "kocha wa ndani" ni nani?

Na hata kocha mzuri hawezi kuziba kila tundu. Viwanja vyetu vilipokosa kibali cha CAF, timu ililazimika kucheza mechi za "nyumbani" ugenini. Novemba 2023 iliifunga Gambia 3-2 kama mwenyeji, uwanja ukiwa Dar es Salaam. Timu nzima ikawa mkimbizi, na hakuna kocha anayejenga uwanja.

Kwa hiyo sisi tufanyeje?

Tumelirudia swali la mzee. Amrouche alipewa muda. Niyungeko alipewa miaka mitatu na ruhusa ya kuita watoto wote wa nyumba. Wale watatu wa katikati hawakupewa hata muda wa kuzoea. Kwa maoni yetu, cheti ni kizuri na kuzaliwa hapa ni kuzuri, lakini vyote viwili havikuamua peke yake.

Pendekezo letu kwa kikao cha Jumapili ijayo ni hili:

Kwanza, yeyote atakayechaguliwa apewe misimu miwili kamili. Kufungwa mechi nne kusiwe sababu ya kuitisha kikao.

Pili, aandikiwe kabisa kwamba kikosi kiwe na waliobaki na waliorudi, na yeye ndiye anayepanga, si wazee wala sisi wa kamati.

Tatu, tuhesabu tulivyo navyo. Sasa hivi tuna mipira miwili, mmoja umeshonwa mara tatu, na uwanja wa chini umemegwa na maji ya ziwa. Ndugu wa mashirika, mkitaka kusaidia, anzieni hapo kabla ya semina. Kocha wa Bujumbura akikuta mipira miwili, atakuwa sawa tu na kaka wa Nduta.

Nne, kama tutamchukua wa Bujumbura, kaka awe msaidizi wake. Kama tutamchukua kaka, tumtafutie kozi ya ukocha ili apate hicho cheti. Asitupwe mtu.

Sisi tunaoandika tumegawanyika pia, tusiwafiche. Wawili wanamtaka kaka, mmoja anamtaka wa mjini, mmoja bado anafikiri. Lakini haya manne tumekubaliana wote, na huo mwanzo hatukuwa nao Jumapili iliyopita.

Njooni saa tisa, chini ya mwembe uleule. Na kabla ya kikao, tumsaidie mzee kuvuta mtumbwi wake, maana siku ile tuligombana mpaka jua likazama na yeye akaachwa peke yake na kamba mkononi.