Tende na Mfereji wa Oman

Magharibi ya leo ukifungua saumu kwa tende, hebu jiulize: Oman ni nchi ya jangwa na mvua ni haba, je, mitende yake ilinyweshwa na nini kabla ya mashine kuja?

Jibu ni falaj, wingi wake aflaj. Ziko za aina kadhaa, lakini ile ya ajabu zaidi huanzia kisimani karibu na mlima. Hapo mafundi walichimba njia chini kwa chini, ikiteremka polepole mpaka kijijini. Hakuna pampu wala mafuta. Maji yanajiendea yenyewe, na huko chini jua haliyakaushi.

Katika karne ya 17, enzi ya maimamu wa Yaarubi, aflaj nyingi zilichimbwa na nyingine kufufuliwa. Mmoja wao, Saif bin Sultan, ndiye ambaye jeshi lake liliwatoa Wareno Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1698. Sisi twamjua kwa vita. Waomani wamkumbuka pia kwa mifereji na mitende.

Lakini kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kugawana. Maji yakifika kijijini, kwanza watu wanywe, kisha msikiti na kuoga, ndipo yaende mashambani. Huko hugawanywa kwa muda. Kila mwenye hisa ana zamu yake, na kipimo ni athar, kama nusu saa hivi. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha kijiti, usiku kwa nyota. Zamu nyingine hukodishwa, pesa zikarabati mfereji. Basi hata asiye na hisa hupata maji ya shamba lake.

Falaj haichukui zaidi ya inachopewa na ardhi. Pampu huchukua. Zilipoenea karne ya 20, kila mtu akajivutia upande wake, maji yakashuka, aflaj nyingine zikakauka na mitende yake. Hata hivyo karibu 3,000 bado zinatumika, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano katika Urithi wa Dunia.

Kijana mwenzangu, nasi huku twachimba visima kila uchao. Kabla ya kuuliza ni pampu gani yenye nguvu, tuulize jirani atabakishiwa nini. Tumefundishwa tusiisrafu maji hata tukitawadha mtoni, shambani je?

Ramadhan Karim.