Kujuana kwa Wafua Chuma wa Ufipa

Katika maneno yanayosifiwa na kulaumiwa kwa kinywa kimoja, neno kujuana lina mahali pake. Mtu akipata kazi kwa kuwa ajulikana kuwa fundi hodari, watu husema amestahili. Mwingine akiipata kwa kuwa ajuana na mwenye kuigawa, watu wale wale husema haki imeuzwa. Mbegu ni moja, lakini matunda ni mbalimbali. Ili kuyapambanua, historia ya Ufipa ina msaada mkubwa. Katika uwanda huo wa juu, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wamesimama mashahidi wasiosema uongo.

Mashahidi hao ni malungu, yaani matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa waliyatumia kuyeyushia chuma. Mabaki yake yaonekana hata leo katika nchi ya Nkansi na Sumbawanga, na mengine yana kimo cha mita 3 hivi. Tanuru hilo halikuhitaji mivukuto: matundu yaliyopangwa shinani, yenye mirija ya udongo, yaliuvuta upepo yenyewe. Chuma kilichotoka humo kilikuwa kichafu bado, kwa hiyo kilitiwa katika tanuru dogo lililoitwa kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivukuto. Ndipo mhunzi alipokipokea akafua jembe, shoka au mkuki.

Kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Hapana budi awepo wa kuchimba mtapo, yaani mawe yenye chuma. Wa kukata miti na kuchoma makaa. Wa kukanda udongo wa vichuguu. Na juu ya wote fundi mkuu, aliyejua jinsi ya kupanga makaa na mtapo ndani ya tanuru. Kidole kimoja hakivunji chawa. Fundi asiye na watu alikuwa na elimu bila mikono. Watu wasio na fundi walikuwa na mikono bila elimu. Kazi ndiyo iliyowakutanisha, wala hawakuibuni kazi ili wapate sababu ya kukutana.

Umoja huo ulikuwa na adabu yake. Fundi mkuu alitunza kikapu cha dawa. Tanuru jipya lilitazamwa kama bibi arusi, na wakati wa kuyeyusha chuma mafundi walijitenga na wake zao. Mtu wa leo aweza kuzicheka dawa hizo, lakini maana ya mwiko si ngumu kuiona: aliyeingia kundini alikubali kujinyima kwa ajili ya kazi ya wote. Tena mwamuzi wa mwisho hakuwa mwanadamu. Tanuru halina mjomba wala shemeji. Mtu aliweza kupokewa kundini kwa jina la baba yake, lakini jina hilo halikuweza kumtolea chuma. Siku tanuru lilipofunguliwa palionekana chuma au palionekana mavi ya chuma matupu, na kila aliyekuwapo alishuhudia kwa macho yake.

Hata hivyo si insafu kuusifu umoja huo kana kwamba haukuwa na ila. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alieleza kwamba kijiji cha Wafipa hakikusimama juu ya ukoo mmoja, bali juu ya ujirani na kupeana, hata mgeni aliweza kupata makao. Kwa kipimo cha kijiji, kundi la wafua chuma lilipungukiwa. Siri zake zilifichwa, na urithi ulimtangulia mmoja mbele ya mwingine. Wanawake, walioshika jembe kila msimu wa kulima, hawakupewa nafasi ya kuwa mafundi wa tanuru. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini jembe lilitolewa, na elimu ya kulifanya ikazuiwa.

Wakati wa ukoloni chuma cha viwanda vya Ulaya kilienea, na matanuru yakazimika. Kujuana kwa mafundi hakukuyaokoa. Elimu yao ingalizikwa pamoja nao, lau wengine wasingalikubali kuonwa na kuulizwa na watu wa nje. Mmisionari Wyckaert alichapisha habari zao katika mwaka 1914, Greig katika mwaka 1937, na Wise katika mwaka 1958. Baadaye Bertram Mapunda, mwanachuoni wa mambo ya kale wa Tanzania, akayachunguza mabaki ya matanuru yenyewe. Kilichofichwa kwa jirani kikahifadhiwa na mgeni. Ni bahati, lakini ni bahati yenye uchungu.

Swali la kujuana halikuzimika pamoja na moto ule. Katika mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwawekea viongozi masharti, kwa kuwa ilitambulika kuwa cheo chaweza kugeuzwa mlango wa faida ya mwenye cheo. Leo kijana wa Sumbawanga aliyemaliza masomo huambiwa atafute watu. Shauri hilo si baya kwa asili yake. Mwalimu humhitaji mwalimu mwenzake, na mganga wa hospitali humhitaji mwenzake aliyeona maradhi ambayo yeye hajayaona. Ubaya huingia pale kundi linapojiweka mahali pa tanuru, likawa lenyewe mwamuzi wa nani afaa na nani hafai.

Basi mwenye kutaka kuupima urafiki wa watu wa kazi moja na aulize mambo mawili. Je, kazi yao yaonekana na wasiokuwa wenzao, hata iweze kukataliwa ikiwa mbovu? Na mtoto wa mtu asiyejulikana, akija na bidii yake, atafunguliwa kikapu? Wafua chuma wa Ufipa walilijibu swali la kwanza vizuri kuliko wengi wa leo. La pili liliwashinda, na gharama yake yaonekana katika matanuru yaliyosimama porini bila fundi.