Ng'ombe wa shangazi, Mpwapwa, na dume aliyeitwa Chief

Kimya kilikuwa kirefu, nilikuwa Mpanda. Leo siasa tuiweke pembeni, naandika ng'ombe.

Shangazi yangu pale Makanyagio ana ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian. Kahimilishwa mara tatu, mara tatu karudi kwenye joto. Mwenye bucha ameshapita kumtazama. Mumewe anasema huyo tasa, auzwe. Shangazi akanigeukia: "Mwanangu, wewe si unasomasoma? Hebu niambie." Basi nikaanza kufukua.

Mpanda haikuwa nchi ya ng'ombe. Miombo ilijaa mbung'o. Makundi makubwa yaliletwa na Wasukuma waliohamia kutoka kaskazini, wakati huo Mpanda ikiwa bado wilaya ya Rukwa (Katavi imekuwa mkoa mwaka 2012). Walikuja na zebu wa pembe fupi: maziwa kidogo, lakini anavumilia kupe na njaa, na bado anazaa.

Hilo la kuzaa ndilo lililowasumbua wataalamu. Friesian na Ayrshire wa Ulaya walikamua vizuri, ila kwenye joto na kupe walidhoofika, na ng'ombe dhaifu hashiki mimba. Kituo cha Mpwapwa, kilichoanzishwa na Wajerumani, kikajaribu njia nyingine chini ya Waingereza. Wakachanganya damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, zebu wetu, Boran, na Ayrshire kidogo tu. Mwaka 1958 mchanganyiko huo ukatambuliwa kuwa aina kamili, ng'ombe wa Mpwapwa. Kwangu mimi hiyo ni kazi kubwa ambayo hatuisifii vya kutosha!

Huko Marekani walikimbilia lita. Dume mmoja wa Holstein, Pawnee Farm Arlinda Chief, alizaliwa mwaka 1962. Mabinti zake walikamua mno, mbegu yake ikasambaa duniani. Kumbe alibeba kasoro kwenye jeni moja, APAF1. Kiinitete kikiirithi kwa baba na kwa mama, kinakufa tumboni. Watafiti waliikuta alama yake mwaka 2011, na mwaka 2016 walikadiria imeshaharibu mimba zipatazo 525,000. Miaka yote hiyo lawama ilikwenda kwa nani? Kwa jike, bila shaka.

Je, ng'ombe wa shangazi ana kasoro hiyo? Sidhani. Sehemu ya uzazi inayotokana na kurithi ni ndogo, mara nyingi haifiki asilimia 10. Zinazobaki ni lishe, maradhi na muda. Nikamuuliza shangazi: ukimwona yuko kwenye joto, mhimilishaji anafika lini? "Kesho yake, au keshokutwa." Nikashika kichwa. Joto lenyewe halimalizi siku moja! Akionekana asubuhi, apandishwe jioni ileile. Akionekana jioni, asubuhi yake mapema.

Mumewe alicheka, akasema mambo ya vitabu hayo. Shangazi hakucheka. Alimwita mtoto wa jirani mwenye pikipiki, akaandika namba yake kwa mkaa kwenye mlango wa zizi. Mwenye bucha ameambiwa asubiri siku 21.