Kitunguu Katika Bustani za Kasongo

Vijana wetu wanaoanza bustani huuliza: kitunguu ni cha kwetu ao cha wageni?

Njia yake twaijua. Mwaka wa 1857 Mwingereza Richard Burton alikuta vitunguu katika bustani za Waarabu kule Tabora. Misafara ya pembe na watumwa ilipita hapo, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, Nyangwe na Kasongo. Lakini mabwana wa misafara hawakushika jembe. Waliolima ni watumwa na watu wa kwetu. Jeshi la Dhanis lilipoteka Kasongo mwezi wa nne 1893, utawala wa mabwana ukaisha. Ujuzi ukabaki mikononi mwa walimaji.

Basi anayeanza ashike mambo machache. Kitunguu kidogo cha mbegu huwekwa mizizi chini, ncha juu, ncha ionekane kidogo. Ukikizamisha sana, kinaoza. Kwetu mvua ni nyingi, kwa hiyo tunapanda kiangazi kikikaribia, mwezi wa tano, juu ya matuta, karibu na maji ya kumwagilia.

Tena tusile vyote. Katika vita vya 1998 hadi 2003 watu walikimbilia porini, na mbegu nyingi zikapotea. Mwenye kula mbegu yake, mwaka ujao ataomba kwa jirani.

Kwa hiyo tuwajibu vijana: kitunguu kilikuja na wageni, ila jasho lililokiotesha hapa ni la wazee wetu. Mbegu tuiweke.