SIDA, gitaa na rangi: yale wazee walifanya mbele yetu

Leo siongelei mihogo wala mbolea. Nataka tuongee juu ya wimbo mmoja wa mwaka 1987 ambao karibu hakuna kijana wa kartier yangu anaujua, wakati nyimbo zote za Innoss'B tunaziimba mpaka usingizini.

Wimbo unaitwa « Attention na SIDA », wa Franco Luambo Makiadi. Mukumbuke Zaïre ya wakati ule. Tangu 1984 wanganga wa Zaïre, Ubelgiji na Marekani walikuwa wakichunguza ugonjwa huu Kinshasa, ndani ya Projet SIDA, kwenye hospitali Mama Yemo. Lakini barabarani watu walikuwa wanacheka. Walizichukua zile herufi nne za kifaransa wakazigeuza kuwa maana ingine: ugonjwa wa kuwaza tu, uliotungwa na wazungu kwa kuvunja moyo wapenzi. Papa yangu mwenyewe aliniambia mchezo huo wa maneno, na alikuwa bado anacheka, kisha akanyamaza.

Sasa ona nani alisimama kuhubiri. Si padri. Ni Franco, yule ambaye mwaka 1978 serikali ilimtia gerezani juu ya nyimbo za matusi! Mimi naona hapo njo nguvu yake ilitoka. Mtu ambaye kila baa inajua kwamba anapenda raha, akikuambia « uangalie », hauwezi kusema anakuonea wivu. Wimbo ni mrefu, na sehemu kubwa anaongea kuliko kuimba. Alitia kifaransa kingi ndani, na hivyo hata mtu wa Goma asiyejua lingala vizuri alipata kitu. Franco alikufa kule Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, na miaka 51 tu. Watu walisema mengi juu ya kifo chake; yeye hakuwahi kuthibitisha lolote.

Katika miaka ile ile kulikuwa pia Chéri Samba, mchoraji. Yeye alikuwa anatundika turubai zake inje ya atelier, pale Kinshasa, na kuandika maneno ndani ya picha ili mpita njia asimame kusoma. Mwaka 1988 alichora maandamano ya kuunga mkono kampeni ya SIDA. Leo picha zake ziko kwenye majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya, lakini mbele ya kufika kule zilianza kama gazeti la barabarani, la bure. Wenzangu wa vulgarisation wananielewa. Tangu 2001 mnyauko wa migomba uliingia Masisi, na kila mtu aliyekwenda na fiche technique mukononi anajua: karatasi haikati ua dume la mgomba. Mukulima anasimama pale ambapo kuna ngoma, mchezo, ao picha.

Lakini kuna kitu Zaïre haikupata, na jirani zetu walikipata. Ukivuka Bunagana uko Uganda. Mwaka 1989, mwimbaji Philly Lutaaya alirudi kutoka Sweden akasema mbele ya watu wote: mimi niko na ugonjwa huu. Wengi walikataa kuamini, walisema anatafuta pesa. Yeye akazunguka kwenye mashule na makanisa, anaimba, anakonda, na kamera inamufuata. Alikufa Desemba 1989. Mwaka uliofuata filamu « Born in Africa » ikaonyesha safari ile. Franco alituambia tujilinde. Lutaaya alionyesha sura ya mgonjwa, na mgonjwa alikuwa na jina, watoto na nyimbo.

Huku kwetu, sura hiyo haikuonekana. Septemba 1991 uporaji ulivunja Kinshasa, Projet SIDA ikafungwa. 1994 wakimbizi, 1996 vita, 1998 vita tena, 2002 Nyiragongo. Nani angechora SIDA? Muyomba wangu mmoja alikonda miaka mbili akafa, na familia ikasema ni karuho, alitiliwa sumu. Jirani mmoja alishitakiwa bure, na mpaka leo watoto wao na sisi hatusalimiani vizuri. Hivi njo ukimya unaua mara mbili katika kartier.

Wakati sinema ilikuja Goma kweli, na Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo na vijana wake wa kamera, jeraha la kwanza lilikuwa vita. Filamu « Lumo » ya 2007, iliyofanyika kwenye HEAL Africa, inafuata msichana aliyebakwa anayengojea kupona. Ni filamu nzuri, muitafute. SIDA iko pale pembeni, nyuma ya mlango.

Kwa nini ninaandika haya sasa? Januari 2025, mwezi ambao M23 iliingia muji wetu, Marekani ilisimamisha misaada yake, na ndani yake mulikuwa pesa ya vidonge vya wagonjwa wengi. Dada mmoja ninayemujua, simutaji, alikuwa anahesabu vidonge vyake kila jioni na kuvificha ndani ya kopo ya unga. Nilimusikilizisha Franco kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: « Sauti ni nzuri, yaya. Lakini anaongea na wale hawajapata. Mimi mbona haniongeleshi? »

Sikuwa na jibu. Nilimutafutia filamu ya Lutaaya, akaiangalia mara mbili.

Basi ombi. Wazee wetu wanasimulia michezo ya kuigiza juu ya SIDA kwenye maparokia na mashule ya Goma, kule Birere, Katindo, Himbi. Lava ilikula nyumba nyingi, lakini si zote. Kama mama ao papa yako angali anachunga kaseti, picha, affiche ya kampeni, hata kanga ya chorale, usiitupe. Uipige foto, utuandikie ni ya mwaka gani na nani alicheza.